Daftari Nililolitoa Begini Mwako

Yunisi mwanangu,

Daftari la kaunta usilitafute. Nimelitoa mimi leo mchana, ulipotoka kwenda kuwaaga shangazi zako. Nilifungua zipu ya begi lako kama mwizi, nikapitisha mkono chini ya vitenge na mashuka, nikalikuta umelifunga ndani ya kanga yangu mpya kana kwamba ni Biblia. Kanga nimeirudisha kabatini, na hilo nalo tutalizungumza siku nyingine. Daftari nimempelekea yule mama anayeuza karanga stendi, ambaye kila siku analalamika kwamba hana karatasi za kufungia. Alifurahi sana. Kwa hiyo kesho ukinunua karanga kabla basi halijaondoka, usishangae kuukuta mwandiko wangu.

Najua utapiga kelele. Tangu ulipopata ajira umekuwa ukiniambia, "Mama, lile daftari lako la fasihi ya Kiingereza nalibeba, Manyoni kule sijui nitakuta nini." Nami nilikujibu libebe. Sasa nimebadili mawazo, na sikutaka tukae chini tubishane, kwa sababu tukibishana huwa unanishinda, na hili sitaki unishinde.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za mwenye nyumba, wala za maji ya kuchemsha. Hayo shangazi zako wamekwambia leo, na kama ninavyowajua, wameongeza na habari za wanaume. Mimi nakuandikia kwa sababu nina kinyaa. Nimekaa mezani, mlango uko wazi, jua bado liko juu, kuku wanaingia na kutoka wanavyotaka. Kinyaa hiki ninacho tangu Jumamosi ya wiki iliyopita, na wewe uliponiuliza mbona sili nikasema ni joto.

Jumamosi hiyo unaikumbuka. Ulikuwa unasahihisha mtihani wa kidato cha pili wa hapo shuleni ulipokuwa unajitolea, nami nachambua maharage. Ukacheka peke yako, ukasema, "Mama, hebu sikia huyu." Swali lilitaka mfano wa tashihisi, yaani pale kitu kisicho mtu kinapofanywa kitende kama mtu. Daftari langu linasema mfano wake ni ua lililotabasamu. Darasa lako zima liliandika, kwa Kiingereza, kwamba ua lilitabasamu. Alibaki binti mmoja tu. Yeye aliandika, kwa Kiingereza cha kujikongoja, kwamba mwezi wa pili njaa huja nyumbani kwao, inakaa jikoni, inamtazama mama yake akichochea moto chini ya sufuria yenye maji matupu.

"Inakaa!" ukasema. "Ilikaribishwa na nani? Ilipewa kigoda?"

Nikacheka. Mwanangu, nilicheka mpaka ungo ukaniponyoka na maharage yakamwagika sakafuni. Ukamchorea yule mtoto kosa kubwa jekundu, ukaandika sifuri, ukageuza karatasi nyingine.

Nilipoinama kuokota maharage ndipo kicheko kiliponikauka. Nilikuwa nimecheka njaa ya mtoto wa mtu. Na njaa yenyewe naijua, kwa sababu mimi nimezaliwa Mkalama na sikuzaliwa nikiwa mwalimu. Mwezi wa pili mtama unakuwa bado shambani, wa mwaka jana umekwisha, na mama yangu alikuwa akiinjika maji jikoni ili sisi watoto tukiona moshi tusikate tamaa. Mtoto ameliona jambo hilo kwa macho yake, akalitafutia maneno katika lugha ya watu, akayapata. Walimu wawili, mama na binti yake, wakamcheka. Nilitoka nje nikijifanya naita kuku. Nikatema mate, nikatema tena, uchungu haukutoka mdomoni.

Wewe sikulaumu sana. Ulicheka kwa sababu nilikulea katika nyumba inayocheka vitu hivyo. Kwa hiyo kaa usome jinsi nilivyofika hapo, na usiruke mistari kama ulivyozoea.

Daftari lile nililinakili nikiwa chuoni, kutoka kwa rafiki yangu, aliyenakili kwa kaka yake, aliyenakili kwa mwalimu wake. Nani aliyeliandika mara ya kwanza simjui hadi leo. Kila istilahi ilikuwa na maana moja na mfano mmoja. Tashibiha, ambayo ni kufananisha kitu na kingine, mfano wake ulikuwa meno meupe kama theluji. Nimefundisha theluji huku Iramba tangu nilipoanza kazi mpaka nilipostaafu. Sijawahi kuiona, wanafunzi wangu hawakuwahi kuiona, na barafu pekee waliyoijua ni ile ya kwenye friji la duka la soda. Siku moja kijana mmoja aliyekulia karibu na Singida mjini aliandika meno meupe kama chumvi inayobaki ukingoni mwa ziwa wakati wa kiangazi. Nilimkata alama. Nikamwandikia pembeni, soma notisi zako.

Na jinsi nilivyofundisha ilikuwa hivi. Naandika ubaoni, wananakili, halafu nagonga meza kwa rula nao wanaimba. Sitiari ni nini? Wanaimba. Takriri ni nini? Wanaimba. Sauti zilifika barabarani, na mkuu wa shule alipenda sana, alisema darasa langu lina uhai. Wakaguzi walipokuja walisimamishwa dirishani kwangu wasikilize.

Baba yako, Mungu amrehemu, alipita siku moja akiniletea ufunguo niliousahau. Alisimama nje na baiskeli yake akawasikiliza mpaka mwisho. Nilipotoka akaniuliza, "Wanasema nini?"

"Wanasema sitiari ni nini."

"Na wakishasema?"

"Wakishasema nini?"

"Wakishasema, kinatokea kitu gani?"

Nilimwambia yeye ni mtu wa mashine ya kukamua alizeti na mambo ya shule aniachie mimi. Alicheka, akanipa ufunguo, akaenda zake. Nilikuwa na majivuno ya kijinga wakati ule. Mumeo akikuuliza swali la namna hiyo siku moja, jaribu kulijibu.

Sasa nikwambie kwa nini nilifundisha hivyo, kwa sababu sababu yenyewe inanitia aibu kuliko kitendo. Niliogopa. Kiingereza nilikijua cha kwenye daftari tu. Mwanafunzi akiniuliza swali ambalo jibu lake halimo, masikio yalikuwa yananiwaka moto. Kwa hiyo nililifanya daftari kuwa ukuta, nikakaa nyuma yake. Kila mtoto aliyejaribu kuchungulia upande wa pili nilimpiga kibao. Watu waliniita mkali, na mimi nikaupenda ukali huo, maana ulifanana na elimu kwa mbali.

Mengine nilikuja kuyajua nikiwa nimechelewa. Takriri, kwa mfano, hilo neno la kurudiarudia jambo, niliwaimbisha watoto miaka yote hiyo bila kujua ni kitu gani hasa. Nilikijua baba yako alipolazwa hospitali. Kila asubuhi nikiingia na chupa ya uji aliniuliza, "Ng'ombe wamekunywa?" Asubuhi ya kwanza nikamjibu vizuri. Ya pili nikamjibu vizuri. Ya tano nilianza kuchoka, nikasema wamekunywa baba Yunisi, mbona unauliza kila siku kana kwamba nimewauza. Halafu ikaja asubuhi nikaingia na uji, nikaweka chupa juu ya kikabati, nikasubiri aniulize. Hakuuliza. Alikuwa hai bado, ananitazama, lakini hakuuliza. Ndiyo hiyo takriri, mwanangu. Inakuzoesha kitu ili siku kisipokuja ukione pengo lake. Niliporudi kazini baada ya matanga niliingia darasani, nikagonga rula, nikawaimbisha maana ile ile ya daftari. Sikuwaambia habari ya ng'ombe. Niliona ni mambo ya nyumbani.

Haya, sasa nafika mahali ambapo sijawahi kumfikisha mtu, hata baba yako.

Nilikuwa na mwanafunzi kidato cha tatu akiitwa Naomi. Baba yake alikuwa mzee mrina asali, anachechemea mguu mmoja, mtu wa watu kweli kweli. Mzee huyo akafa. Huku kwetu mzazi wa mwanafunzi akifa shule inahamia msibani na masufuria yake, kwa hiyo walimu wote tulikwenda. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu, hujaota meno.

Mwili ulipofikishwa kaburini akatokea bibi mmoja, Debora, wa ukoo ambao ni watani wao, wenye ruhusa ya kuwatania hata msibani. Alikuwa amevaa koti la marehemu na kofia ya marehemu, anachechemea mguu ule ule wa marehemu. Watu walianza kupiga vicheko huku machozi yanawatoka.

"Mnamlilia nani?" Debora akapaza sauti. "Huyu? Huyu mchoyo? Asali yake nimeionja lini mimi? Leo kapata shamba la bure, hata kulilima hakulilima, na bado mnamlilia!"

Akaketi ukingoni mwa kaburi akaning'iniza miguu ndani, akasema hazikwi mtu hapa mpaka aletewe jogoo. Wajomba wakambembeleza. Akamtukana marehemu tena, safari hii kwa kutembea kwake. Jogoo akaletwa. Debora akasimama, akavua lile koti taratibu, akalikunja. Hakuna aliyekuwa pale ambaye hakujua kwamba Debora ndiye aliyemnywesha uji mzee yule majuma yake yote ya mwisho. Nililia siku ile kama niliyefiwa na baba yangu mwenyewe. Tukirudi nilimwambia mwalimu mwenzangu, "Yule bibi amesema maneno mabaya, na sijawahi kusikia mtu akisifiwa vizuri namna ile." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Majuma matatu baadaye nikatoa jaribio. Swali moja lilikuwa kinaya, yaani pale maneno yanaposema hivi na maana yake ni kinyume. Mfano wa daftari ni wa bwana mmoja aliyelowa mvua akasema, hali ya hewa nzuri iliyoje leo. Wote wakamwandika bwana yule na mvua yake. Naomi aliandika nusu ukurasa. Maneno yake ninayo hadi leo, nakupa kwa Kiswahili. Aliandika: "Mtani wetu alimwita baba yangu mchoyo. Kila aliyekuwepo alikuwa amekula asali ya baba yangu. Alisema mchoyo ili tuikumbuke asali."

Nilimpa sifuri.

Subiri, sijamaliza. Ingekuwa sifuri tu ningeweza kusema nilikuwa na haraka. Nilimsimamisha darasani nikaisoma karatasi yake kwa sauti, na nikaisoma kwa kuigiza lafudhi yake ya Kinyiramba, mimi ambaye lafudhi yangu ni hiyo hiyo. Darasa likacheka. Nikawaambia, mnaona? Huyu analeta mambo ya kijijini kwenye somo la Kiingereza.

Naomi alikuwa amesimama ameshika dawati. Hakulia. Akanitazama, akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu kabisa, "Mwalimu, si ulikuwepo?"

Nilikuwa na neno moja tu la kumjibu, ndiyo, nilikuwepo. Ningelisema hilo, mambo mengi yangekwenda njia nyingine. Badala yake nilimwambia anyooshe mkono. Nilimchapa fimbo nne kiganjani, mbili za kuongea Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza na mbili za kujibishana na mwalimu. Kiganja hicho, majuma matatu nyuma, nilikiona kikidondosha udongo juu ya jeneza la baba yake.

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa naogopa nini. Nadhani ni hili. Kama Debora alikuwa anakijua kinaya, na wajomba wanakijua, na watoto wote waliocheka na kulia pale kaburini wanakijua, basi mimi kazi yangu ilikuwa ipi? Nilichokuwa nacho mimi ni jina lake la Kiingereza tu. Nikaona ninyang'anywe heshima au nimpige mtoto, nikachagua kumpiga mtoto. Nikiandika hapa kalamu yenyewe inaninukia vibaya.

Ukidhani Naomi aliharibika, hujamjua. Mtihani uliofuata aliniandikia bwana aliyelowa mvua, neno kwa neno, mkato kwa mkato. Akapata zote. Uliofuata akapata zote tena. Sikusoma tena sentensi yake hata moja ambayo haikutoka kwenye daftari langu. Na mimi, kwa jinsi nilivyokuwa sina haya, nilimpandisha mbele ya paredi nikawaambia wanafunzi, mwoneni mtu aliyekubali kurekebishwa. Wakampigia makofi. Akafaulu, akaenda chuo, akarudi kufundisha wilaya hii hii somo hili hili. Ndiye Madamu Naomi wako, aliyekufundisha kidato cha tatu na cha nne, unayemsifia mpaka leo kwamba notisi zake zilikuwa safi. Zilikuwa safi kwa sababu zilikuwa zangu.

Jumatano niliyokuaga kwamba nakwenda hospitali kuonyesha goti, sikwenda kuonyesha goti. Nilichukua bodaboda nikaenda shuleni kwake. Na katika bahasha ya mitihani uliyoniachia niirudishe shuleni nilichomoa karatasi ya yule binti wa njaa, nikaenda nayo kwenye mkoba.

Yeye sasa ni mwalimu wa taaluma, ana ofisi yake. Aliponiona mlangoni alinyanyuka haraka.

"Shikamoo mwalimu wangu!"

"Marahaba, Naomi. Hujambo?"

"Sijambo mwalimu. Karibu, kaa hapa, kaa kwenye kiti changu." Akanikalisha kwenye kiti chake, yeye akachukua benchi, akamtuma mtu soda. Akaniuliza habari zako, nikampa. Akafurahi, akasema Yunisi atafika mbali. Nikaona nikiendelea kunywa soda nitaishiwa ujasiri, nikatoa ile karatasi nikamwambia asome jibu la nne.

Akasoma. Akaanza kutabasamu, halafu akacheka kabisa. "Inakaa jikoni! Jamani watoto hawa, mwalimu. Wa shule gani huyu?"

Nikamwambia, "Naomi, nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini tena mwalimu?"

Nikamweleza. Msiba, Debora, jaribio, sauti niliyoigiza, fimbo nne. Sikuacha kitu. Alikuwa anapanga karatasi zilizokuwa tayari zimepangwa. Nilipomaliza nikamuuliza kama anakumbuka alichoandika siku ile.

"Hapana, mwalimu. Kitu cha msiba, si ndiyo?"

Nikamsomea kutoka kichwani, kwa Kiingereza chake mwenyewe kama alivyokiandika. Alisikiliza kwa adabu, kama unavyosikiliza habari za mtoto wa jirani.

"Niliandika hivyo mimi?"

"Wewe."

"Mh. Kiingereza changu kilikuwa kibovu kweli."

Nilitaka kumshika mabega nimtikise. Nilitaka akasirike. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, nilijiandaa hata kufukuzwa mbele ya walimu wenzake, na ningeondoka nikiwa mwepesi. Akanyanyuka kwenye benchi, akapiga goti kidogo kama tulivyowafundisha, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu, usijisumbue. Nilikuwa mtoto, nina uchungu wa baba, naandika ovyo. Zile fimbo zilinisaidia. Bila zile ningefeli. Mimi hata leo wanafunzi wangu nawaambia, mambo ya kijijini yaacheni kijijini. Nakushukuru sana, mwalimu wangu."

Nilimwambia asante. Akanisindikiza mpaka getini. Tukiwa njiani kurudi nyumbani nilimwomba yule bodaboda asimame, nikashuka, nikatapika soda yote kando ya shamba la alizeti. Kijana wa watu akaniuliza, mama unaumwa? Nikamwambia ndiyo, ugonjwa wa zamani.

Ndiyo maana nimeingiza mkono begini mwako. Nilipolikuta daftari lile umelifunga kwenye kanga nilimwona yule binti wa njaa, nikawaona na wa Manyoni ambao hujawafahamu bado, wamekaa kwenye madawati wanakungoja uwaambie ua lilitabasamu.

Usinielewe vibaya. Maana za istilahi zimo kwenye kitabu cha kiada, hazizidi kurasa chache, na mtihani utazitaka. Wafundishe, wazijue, wafaulu. Hilo ni jambo la juma moja. Ninachokuogopea ni majuma mengine yote. Utaingia darasani mikono mitupu, na utaogopa kama nilivyoogopa mimi. Watoto wa kule wengi ni Wagogo. Nyumbani kwao wana maneno yao ya kufananisha vitu, wana watani wao, wana namna yao ya kumsema mtu kwa kumsifu na kumsifu kwa kumsema, na wewe huyajui hata moja. Itabidi uwaulize. Itabidi mtoto akueleze jambo wewe ukiwa umesimama na chaki mkononi huku masikio yanakuwaka moto. Yaache yawake. Mimi yangu niliyazima kwa fimbo, na tazama nilichopata. Na siku mtoto akikuandikia kitu ambacho hukukitarajia, kabla hujacheka, kisome mara ya pili kimyakimya. Hilo tu ndilo ninalokuomba, mengine utajua mwenyewe.

Karatasi ya yule binti nimeirudisha kwenye bahasha, na ile sifuri sikuigusa. Ni mwandiko wako, si wangu. Bahasha iko hapa mezani na kalamu iko hapa. Asubuhi nitaipeleka shuleni kwao jinsi utakavyoiacha.

Najua utakaposimama mbele ya kidato cha kwanza kule Manyoni siku ya kwanza, huna daftari, huna pa kujificha, macho yote yanakutazama, utanichukia. Utasema mama kanivua nguo mbele ya watu. Nichukie, mwanangu, nichukie kwa moyo wako wote. Naomi alinishukuru.

Ni mimi mama yako, niliyekuzaa na kukukosea.